Asubuhi Tuliyomtoa Idrisa Juani

Idrisa alinyamaza jua likiwa limeshatoka. Hilo nataka mlishike kwanza, kabla ya mengine yote. Hakukuwa na giza wala mvua. Jua lilikuwa pale juu ya mipaini, zima, jekundu, anga halina hata kipande cha wingu, na mjukuu wangu wa siku arobaini alikuwa kwenye viganja vyangu, kifua wazi, midomo imekuwa rangi ya kitunguu. Alilia kile kilio cha kukatika-katika, halafu akaacha.

"Mama, mbona kanyamaza?" Rehema akaniuliza.

Nikamjibu, "Anaangalia jua lake."

Mungu anisamehe kwa jibu lile. Nilimgusa shavu, likawa baridi kama nyanya iliyotoka kwenye friji. Nikatazama chini, nikaona majani yote ni meupe, kila jani limeshika kitu kama chumvi, na ndala zangu zimenata kwenye hicho cheupe. Nyuma yetu gari limefungwa. Nguo za mtoto zimo ndani, shuka zimo ndani, na ufunguo ameondoka nao Edga. Nikaupiga ule mlango kwa ngumi mpaka mkono ukavimba. Mlango wa gari hausikii mtu.

Sasa nyie wenzangu wa Mbuyuni, mnaokaa na mimi kuchambua vitunguu, mmeniuliza wiki ya ngapi hii. Kila mmoja nimemwambia kipande. Mwingine kasikia mtoto alikufa, mwingine kasikia nililewa. Nimeandika yote hapa, na majina nimeyataja, kwa sababu wenye majina hayo wapo na wanakula vizuri.

Kutoka Mbuyuni mpaka juu ya Kitonga

Mnajua Rehema alikuja kujifungulia kwangu. Mumewe, Hamisi, anauza vitambaa Mbeya, na aliyemlea Hamisi ni shangazi yake, Bi Mwanaidi. Huyo Bi Mwanaidi, tunayeitana wifi, ndiye wa kwanza kwenye majina hayo. Siku ya thelathini na tano alinipigia simu akasema arobaini ya mtoto itafanyika Mbeya, kwa baba yake, na watu wameshaalikwa.

Nikamwambia, "Wifi, mtoto hajatoka nje hata mara moja. Kwetu bibi mzaa mama ndiye anayemtoa, jua linapochomoza siku ya arobaini. Tukimtoa hapa, tutakuja baadaye."

"Utamtoa huku huku. Kwani jua la Mbeya si jua?"

Nikaona asije akasema nimemzuilia mtoto. Nikauliza swali moja tu, na Rehema alikuwa amekaa karibu, alisikia kwenye spika. Nikauliza, "Huko hali ya hewa ikoje, niandae nini?"

Akajibu, "Jua tupu, wifi. Mvua zimekwisha tangu mwezi wa tano. Hata wingu hulioni."

Hakusema uongo, ndiyo maana inaniuma zaidi. Lakini mimi nimezaliwa hapa kwenye joto. Darasa nimeishia la nne. Kwetu hapa anga likiwa safi maana yake unatafuta kivuli, mbuzi wanalala chini ya magari, na mtoto anavaa nepi peke yake. Mtu akiniambia jua tupu, naelewa hivyo. Rehema alikuwa amekunja lile blanketi zito la maua, mimi mwenyewe nikalitoa kwenye begi. Nikamwambia, "Utabeba mzigo wa bure, wamesema jua tupu." Nikaweka kanga nne, shuka mbili na vile vinguo vyake vyepesi.

Siku ya thelathini na tisa tulipaswa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, jioni tuwe Mbeya. Dereva ni Edga, aliyetafutwa na Bi Mwanaidi mwenyewe, ndiye anayemletea mizigo yake ya biashara. Alikuja saa tano na nusu. Noah yake juu kabisa imejaa magunia ya vitunguu, nyuma magunia, na abiria wawili wanaume wa Makambako wamekaa siti za mbele yetu.

"Edga, saa kumi na mbili yako ndiyo hii?"

"Mama mkwe, vitunguu navyo vina saa zake," akacheka. Alikuwa amevaa koti zito lenye manyoya shingoni, kwenye joto letu lile. Nikamtania, "Wewe unaumwa?" Akasema, "Nitalihitaji mbele." Nikaona ni mbwembwe za madereva. Nilikuwa nimeambiwa, na sikusikia.

Kwenye mlima wa Kitonga tukakuta lori limekatika katikati ya kona, limelala njia nzima. Tulikaa pale saa tatu. Joto lilikuwa la kuivisha yai. Idrisa alikuwa anatoka jasho mpaka nywele zimelala, tukamvua kila kitu, nikawa nampepea kwa kipande cha boksi. Wauza ndizi na mahindi ya kuchoma walipita madirishani. Mmoja alimtazama mtoto akasema, "Bibi, huyo atayeyuka." Tukacheka. Nilinunua mahindi matatu, Rehema akala mawili na nusu, kunyonyesha kunataka chakula. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya safari niliyoifurahia, na ndiyo iliyoniharibia akili, kwa sababu nilipanda mlima nikiwa na hofu ya joto.

Iringa

Ipogolo tulifika saa kumi na nusu. Nilipofungua mlango upepo ulinipiga kifuani nikarudi nyuma. Jua linawaka, macho yanaumia kwa mwanga, lakini ngozi haisikii kitu. Ni kama jua la kwenye picha. Watu wote wamevaa masweta na kofia za uzi, wengine skafu, wanatembea juani kabisa. Nikamnong'oneza Rehema, "Hawa watu wa Iringa wanapenda fasheni."

Tulikula wali maharage na mboga za majani kwa mama mmoja wa kibandani. Chai yake ilikuwa na tangawizi ya kuwasha masikio. Pale akaja muuza mitumba, kabeba masweta ya watoto begani.

"Bibi, chukua hili la mjukuu. Zito, lina kofia yake."

"Sitaki, baba. Sisi tunapita tu."

"Mnapita kwenda wapi?"

"Mbeya."

Akamtazama Idrisa, akatazama miguu yangu na ndala, halafu akatazama jua. "Bibi, saa hizi jua linawahi kuondoka. Mkifika Mafinga litakuwa limeshazama. Nunua, utanikumbuka."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia, "Nyie mkiona mgeni mnaona duka." Akaondoka zake, hakunitukana. Huyo kijana simtaji hapa kama mkosaji. Namtaja kwa sababu yeye peke yake alisema.

Tulitaka kuondoka, Edga hayupo. Alikwenda kushusha magunia mawili kwa mteja wake akakaa mpaka saa kumi na mbili kasoro. Abiria mmoja alimfokea, "Bwana, siku fupi hizi, unatuchezea!" Edga akasema, "Barabara nyeupe, tutakimbia." Nikawa nafikiri, siku inakuwaje fupi? Mimi naamka na jogoo, nalala nikichoka, sijawahi kuipima siku.

Baada ya Mafinga

Yule muuza mitumba hakukosea. Mafinga tuliiingia giza likiwa limeshatanda. Tulinunua viazi vya kuchemsha, vikapoa kabla sijamaliza kumenya cha pili. Katikati ya Mafinga na Nyororo gari likaanza kunuka moto, mshale wa joto ukapanda, Edga akaliacha likateremka lenyewe mpaka bondeni likasimama. Mkanda wa feni umekatika. Kumbe ulikuwa umechanika tangu juzi, alisema mwenyewe kwa mdomo wake, "Nilijua utafika Mbeya."

Wale wanaume wawili walisimamisha lori wakapanda juu ya mbao. Walituita, lakini mtoto wa siku thelathini na tisa utampandisha juu ya mbao? Tukabaki. Simu ya Hamisi haikupatikana. Ya Bi Mwanaidi ilipatikana. Akasema, "Kaeni na Edga, ni mtu wangu, kesho saa nne mtakuwa hapa." Nikamwambia, "Wifi, huku kumepoa." Akasema, "Fungeni vioo." Akakata simu.

Usiku sina la kusimulia. Tulifunga vioo, Idrisa katikati yetu, tumejifunika kanga zote, pumzi zetu na magunia ya vitunguu vikatufanyia joto la kutosha. Nilichungulia mara moja nikaona nyota nyingi kuliko nilizowahi kuona, zimejaa kama mchele uliomwagika. Nikafurahi. Nikasema moyoni, kesho jua litakuwa zuri, nitamtoa mjukuu wangu hapa hapa.

Bondeni

Kwetu saa kumi na mbili na robo ya mwezi wa kumi na mbili kumeshapambazuka na jua lipo. Ule ulikuwa mwezi wa saba. Saa kumi na mbili na nusu bado kulikuwa kijivu, vioo vimeota ukungu mgumu kwa ndani. Jua lilitokeza saa moja kasoro dakika chache. Edga akafungua mlango, akavaa glavu, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Shukeni, mama mkwe. Jua hilo limeshatoka, pasheni mwili joto. Nakwenda Nyororo kutafuta mkanda, nusu saa nimerudi."

"Acha gari wazi."

"Siachi. Kuna vitunguu vya watu humo, na betri ni mpya."

Nami nikashuka kwa hiari yangu, nisidanganye. Nilikuwa na haraka ya kumtoa mtoto. Nilimchukua Idrisa na kanga mbili tu, nikabeba chupa ya maji iliyolala kando ya mlango, Rehema akanifuata. Edga akafunga milango yote, akapanda lori lililopita. Alituona. Aliniona naanza kumfunua mtoto, alikuwa bado ana mguu mmoja chini. Mtu huyo amezaliwa Njombe, amekulia kwenye baridi ile. Aliangalia, akapanda.

Nikamgeuza Idrisa upande wa jua, nikamfunua kifua kama mama yangu alivyonifanyia mimi na kama nilivyomfanyia Rehema. Nikamtia maji utosini na usoni. Maji yalipotoka kwenye chupa yalikuwa na vipande vidogo vinavyogongana, nikadhani ni uchafu. Nikasema yale maneno ya kumkaribisha. Nilikuwa nasubiri jua limshike. Kwetu jua likichomoza tu unalisikia shavuni kama kiganja cha mtu. Nikasubiri. Lile halikushika kitu. Mengine nimeshawaambia hapo mwanzo.

Rehema alinipokonya mtoto akaanza kukimbia barabarani bila kujua anakwenda wapi. Mimi nilirudi kwenye ule mlango nikaupiga, nikatafuta jiwe la kuvunjia kioo, jiwe nalo limegandia ardhini halitoki. Ndipo nikasikia mtu anaita kutoka juu ya kilima. Mama mmoja, kabeba ndoo, amesimama mbele ya nyumba ya matofali.

"Leteni huyo mtoto! Leteni juu huku! Mnafanya nini huko bondeni na mtoto?"

Kwa Mama Anitha

Mama Anitha, ndilo jina la yule wa ndoo, hakusubiri salamu. Mimi nilianza, "Shikamoo..." akanikatiza kwa salamu ya kwao, "Kamwene, kamwene, toa hizo kanga zimelowa." Akafungua masweta yake matatu, moja moja, akamweka Idrisa kwenye ngozi ya kifua chake, akafunga masweta juu yake, akaketi. Rehema alitaka kumsogeza motoni.

"Usimpeleke motoni, binti! Mtoto hapashwi kama kiporo. Kaa hapa, mshike mgongo kwa juu ya sweta."

Halafu akanyoosha mkono kwenye kopo la mafuta. Nikauliza, "Mafuta ya nini hayo?" maana nje nilikuwa nimesikia nguruwe wanaguna.

"Ya alizeti, mama. Nawajua nyie. Hata katika haya unauliza?"

Nikaona aibu. Akampaka mikononi na miguuni. Tulikaa. Ile ndiyo saa ndefu kuliko zote nilizoishi. Idrisa anapumua, halafu hapumui, halafu anapumua. Mama Anitha alikuwa anaongea mfululizo, nadhani ili Rehema asilie.

"Nani aliwaambia mtoto anatolewa saa moja asubuhi mwezi wa saba?"

"Jua lilikuwa limetoka," nikasema.

"Jua la mwezi huu siyo la mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi saa sita mchana kivuli chako unakikanyaga, jua liko utosini. Sasa hivi limehama, limekwenda kwa wenzetu wa kaskazini. Toka nje mchana uangalie, kivuli kimelala upande wa kusini, hata mlango wa mbele wa nyumba yangu jua haliugusi, linapita nyuma jikoni. Linachelewa kuja na linawahi kuondoka. Litapasha nini?"

"Lakini hakukuwa na wingu."

"Ndiyo ubaya wenyewe! Usiku wa mawingu mimi nalala bila soksi. Nyota zikijaa namna ile, joto lote la ardhi linapanda linakwenda, hakuna cha kulirudisha. Baridi inateremka inajaa bondeni kama maji. Na saa jua linapochungulia ndipo inauma kuliko usiku kucha. Njoo saa nne, nitakwambia mtoe mtoto. Saa moja, sisi hatutoi hata kuku."

Kila mtu kule anajua. Watoto wa shule wanajua. Nilikaa kwenye kigoda kile nikahesabu walioniangalia na kunyamaza.

Idrisa akapiga chafya. Chafya moja, ndogo. Halafu akaanza kutafuta titi kwenye kifua cha Mama Anitha, akagombana na vifungo. Rehema akanyoosha mikono. Mama Anitha akasema, "Mchukue, ana hasira, mwenye hasira yupo."

Mume wake alitupeleka zahanati kwa pikipiki, mmoja mmoja, mtoto amefungwa ndani ya koti. Nesi alimwekea kipimo cha joto kwapani, akakitazama, akakikung'uta, akaleta kingine. Hakuamini. Akasema, "Na hapa mmeshampasha? Kabla ya hapo alikuwa na ngapi?" Akatuambia kama angekaa nje robo saa nyingine angekuwa anaandika karatasi nyingine. Tukalala hapo siku mbili. Miguu yangu nayo ilitiwa dawa. Vidole viwili vya kushoto mpaka leo havisikii kitu, nikivikanyagia msumari sitajua.

Mbeya

Habari za Edga tulizikuta Mbeya. Kumbe alirudi bondeni saa nne na nusu, hakutukuta, akafunga mkanda wake akaendelea na vitunguu. Hakuuliza nyumba hata moja. Begi letu alilikabidhi kwa Bi Mwanaidi.

Tulifika kwa basi siku ya tatu, saa saba mchana. Bi Mwanaidi alitupokea mlangoni. Alikuwa amevaa koti, na ndani ya koti kuna sweta, na ndani ya sweta kuna jingine, nililiona shingoni. Ndani kwake kila kitanda kina mablanketi mawili. Kwa mtoto alikuwa ameandaa kofia, soksi, glavu ndogo za uzi, vyote vipya, vimepangwa mezani. Nilisimama mbele ya meza ile nikaishika ile kofia.

Nikamuuliza, "Wifi, hivi ulivinunua lini?"

"Tangu alipozaliwa. Huku bila hivyo mtoto hakai."

"Na mimi uliniambia jua tupu."

Mnajua alichofanya? Aliwageukia wanawake waliokuja kwenye arobaini iliyochelewa, akasema, "Jamani, mtu mzima na akili zake anamvua mtoto kwenye barafu, anammwagia maji, halafu anataka kunisema mimi." Wakaguna. Mmoja akasema, "Watu wa joto hao." Hamisi, mkwe wangu, alikuwa amekaa kwenye kochi, anatazama zulia. Tangu siku ile sikuruhusiwa kumbeba Idrisa bila mtu kusimama karibu. Nilikaa siku nne, nikarudi. Sasa huko Mbeya habari inayotembea ni kwamba bibi wa Mbuyuni alitaka kuua.

Sehemu yangu nimeiandika hapa, sijaificha. Mimi ndiye niliyetoa blanketi kwenye begi. Mimi ndiye niliyemfukuza muuza sweta. Mikono iliyomfunua ni hii. Nimejibu, na nitaendelea kujibu mbele ya Mungu. Sasa nauliza wengine.

Edga, ulijua mkanda umechanika, ukabeba mtoto mchanga. Ulivaa glavu ukatuambia tupashe mwili joto. Uliniona namfunua, ukapanda lori na ufunguo mfukoni. Njoo Mbuyuni, unapita hapa kila wiki kuchukua vitunguu, mlango wangu unaujua. Simama uniambie ulikuwa unafikiri nini ulipoangalia.

Bi Mwanaidi, uliyeipanga safari ni wewe, siku uliipanga wewe, dereva ulimpata wewe. Nilikuuliza nije na nini. Ulikuwa na soksi za mtoto mezani, ukaniambia hakuna wingu. Nilikupigia nikiwa bondeni, ukaniambia nifunge vioo. Neno baridi lina silabi tatu, ulishindwaje kulisema mara mbili zote?

Na wewe Hamisi. Mke wako alisikia ile simu kwenye spika, muulize. Halafu mwite shangazi yako na wale wanawake wote waliokuwa sebuleni, waketi pale pale walipoketi, na useme mbele yao nani aliulizwa na alijibu nini. Nasubiri uniite siku hiyo. Nauli ninayo, na safari hii nitakuja na mablanketi.